Mashine, mtambo, injini, mota au kinu: uandike lipi?

Chukua mwenye mashine ya kusaga kijijini anayempigia simu fundi wa mjini: "Mashine imekufa, njoo haraka." Fundi anabeba spana zake na beringi mbili, anapanda basi. Akifika anakuta kilichoungua ni mota, na mota iliyoungua haimalizwi kwa spana; inashushwa, inapelekwa kwa msukaji, inasukwa waya upya. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na mahindi ya watu yamelala kwenye magunia. Angeambiwa "mota imeungua", fundi angejibu palepale: ifungue, iletwe mjini.

Makosa ya namna hii yamejaa pia kwenye profoma, kwenye mikataba ya kukodisha vifaa, kwenye taarifa za habari na kwenye vitabu vya maelekezo vinavyotafsiriwa kwa haraka. Ukikimbilia kamusi, mara nyingi unakuta neno moja limeelezwa kwa jingine: mtambo ni mashine, mashine ni mtambo. Kwa hiyo nimeyaweka maneno matano ubavu kwa ubavu: mashine, mtambo, injini, mota na kinu. Baada yake nimeongeza makundi mawili madogo yanayosumbua vilevile, la mahali pa kazi na la maji. Hakuna linaloshinda yote. Kila moja lina mahali pake, na tabu huanza likitolewa mahali hapo.

Vigezo nilivyotumia

Nimeyapima maneno yote kwa maswali manne.

La kwanza: kitu kinafanya nini? Kinatoa nguvu, kinatumia nguvu, au ni mkusanyiko wa vyote viwili?

La pili: fundi gani ataitwa, naye anatumia kitenzi gani? Hiki ndicho kigezo ninachokiamini kuliko vingine. Mafundi hawabishani kuhusu maana. Wana vitenzi, na vitenzi vyao havidanganyi. Injini inafunguliwa, ikiishiwa oili inanoki. Mota inaungua, inasukwa. Mtambo unasimikwa, unawashwa, unazimwa kwa matengenezo. Ukijua kitenzi umejua neno.

La tatu: msomaji yuko wapi? Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hawatumii maneno haya kwa namna moja, na mvuvi hatumii kama karani.

La nne: neno lina maana gani za pembeni zinazoweza kumpeleka msomaji kusiko?

Mashine

*Linabeba nini.* Hili ndilo pana kuliko yote. Zamani lilihitaji kitu chenye sehemu zinazotembea, leo halihitaji. Mfanyabiashara wa Tanzania ana mashine ya EFD ya kutolea risiti, kifaa kilichoanza kutumika mwaka 2010, na unachokiona kikitembea ni karatasi tu. Mwaka 2015 wapiga kura waliandikishwa kwa mashine za BVR. Hospitalini kuna mashine ya presha, jikoni mashine ya kukamulia juisi. Neno limezoea kubeba chochote kinachomfanyia mtu kazi kwa kubonyezwa.

*Linapofaa.* Unapozungumza na mtu yeyote asiye fundi. Tangazo la dukani, maelekezo ya nyumbani, habari fupi, yote yanabebwa vizuri na mashine, ilimradi kazi yake imetajwa papo hapo: mashine ya kukoboa, mashine ya kufyatulia matofali, mashine ya kuchomelea. Bila hiyo kazi, neno linayumba.

*Linapokwaza.* Mitaa mingi ya Tanzania, ukisema "naenda mashine" bila nyongeza, umeeleweka kwamba unakwenda kusaga. Mashine imekuwa jina la mahali. Pwani, wavuvi wakisema boti ina mashine wanamaanisha injini ya kupachika nyuma, na anayesoma ripoti ofisini anaweza kudhani ni kifaa cha kutafutia samaki. Kurasa za michezo nazo zina mashine yao: mchezaji mpya mwenye nguvu anaitwa mashine. Mitaani neno lina pia maana ya faragha, hivyo kichwa cha tangazo kinachosema "mashine kubwa" bila kutaja kazi yake kitamfedhehesha mwenye duka.

*Anayefaa kulitumia.* Muuzaji wa rejareja, mwandishi wa habari za kawaida, mtoa elimu ya afya. Asilitumie peke yake anayeagiza vipuri.

Mtambo

*Linabeba nini.* Hapa nitakaa kidogo, maana neno hili lina historia inayosaidia kuchagua. Kamusi za zamani zinalitaja kwa kifyatulio cha mtego na cha bunduki: kitu kilichopangwa sehemu kwa sehemu, ukigusa moja nyingine zinafuata. Maana hiyo haijafa. Polisi wakitangaza kukamata mtambo wa kutengenezea gongo, kilichopo ni pipa, moto, mrija na ndoo ya maji baridi; hakuna gia wala mkanda. Bado ni mtambo, kwa sababu vitu vinne vimeunganishwa vifanye kazi moja kwa mfuatano, na ukiondoa mrija hakuna kinachotoka.

Kwa hiyo ukubwa sio unaofanya kitu kiitwe mtambo. Kinachofanya ni muunganiko. Redioni, fundi mitambo ni yule anayekaa na sauti, nyaya na vifaa vya kurushia matangazo, vyote kama kitu kimoja. Barabarani, mitambo ni katapila, greda na shindilia, na anayeviendesha ni mwendesha mitambo hata kama leo ana greda peke yake.

*Linapofaa.* Umeme ndiyo nyumba yake. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Ulipoanza kuzalisha wa kwanza mwaka 2024, taarifa zilisema "mtambo namba 9 umewashwa", na zilisema sawa, kwa sababu kilichowashwa ni tabo (gurudumu linalozungushwa na maji), jenereta, milango ya maji na mifumo ya kuvidhibiti kwa pamoja. Ungeandika "mashine namba 9" msomaji angeelewa, ila ungepunguza uzito wa kitu. Ungeandika "injini" ungekosea kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa upepo: mradi wa Ziwa Turkana nchini Kenya una mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310.

*Linapokwaza.* Likiwekwa kwenye kitu kidogo linavimbisha. "Mtambo wa kusagia vitunguu" wa mkononi unaouzwa sokoni ni lugha ya kumtega mnunuzi, na mnunuzi akifungua boksi anajua. Jambo la pili ni kompyuta. Magazeti ya Kenya wakati wa uchaguzi huandika "mitambo ya tume" kwa maana ya kompyuta, seva na programu. Tanzania wengi wangesema "mifumo". Mtanzania anayesoma kwamba mitambo imedukuliwa anaweza kuwaza nguzo na nyaya. Na kwenye intaneti, kinachotafuta kurasa kinaitwa na wengine mtambo wa kutafuta, na wengine injini ya utafutaji. Mimi nachukua mtambo, kwa sababu ya ule muunganiko: unakusanya kurasa, unaziorodhesha, unazipanga, kisha unajibu. Lakini ukiwa na wasomaji waliokwisha kuzoea injini, usiwasumbue.

*Anayefaa kulitumia.* Mwandishi wa habari za nishati, ujenzi na utangazaji. Mwandishi wa mkataba wa kukodisha katapila. Mfasiri wa nyaraka za viwandani.

Injini

*Linabeba nini.* Kitu kinachochukua moto na kuugeuza mwendo. Mara nyingi moto uko ndani, kama kwenye gari, pikipiki, boti na jenereta. Wakati wa mvuke moto ulikuwa nje, chini ya bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, na bado jina lilikuwa injini: meli ya Liemba iliyoshushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ilitembea kwa injini za mvuke hadi ilipobadilishiwa za dizeli miaka ya 1970. Pasipo moto, tafuta neno jingine.

*Linapofaa.* Kwenye hati. Kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chesisi, na ukubwa wa injini kwa cc unaingia kwenye hesabu ya ushuru wa gari linaloingizwa, Tanzania na Kenya. Hapo usijaribu kuandika mashine ya gari, hata kama mzee wa mtaani husema hivyo. Kwa jenereta pia ni vizuri kutenganisha: jenereta ni injini na kifua umeme juu ya fremu moja, na kinachokufa kinaweza kuwa kimojawapo.

*Linapokwaza.* Reli. Waliokulia karibu na reli ya kati wanasema kichwa cha treni, na shirika la reli lenyewe huandika vichwa vya treni. Injini ya treni inaeleweka, ila si neno la stesheni. Tena tangu mwaka 2024 treni za Dar es Salaam hadi Dodoma kwenye reli ya kisasa zinavutwa kwa umeme, na seti ile yenye pua ndefu ambayo abiria wameibatiza Mchongoko haina injini ya kuchoma mafuta. Ina mota zinazozungusha magurudumu. Mwandishi anayesema "injini ya Mchongoko" anampa msomaji picha ya moshi usiokuwepo.

Kwenye lugha ya picha, "injini ya uchumi" limeingia magazetini. Sioni tatizo kubwa nalo, lakini uti wa mgongo na mhimili tayari yapo na yanapumua vizuri zaidi. Mchezaji wa kiungo kuitwa injini ya timu ni jambo jingine: hapo neno limeota mizizi uwanjani na linasema kitu halisi, yaani anayekimbia bila kuzimika.

*Anayefaa kulitumia.* Fundi magari, mwenye boti anayeandika maombi ya mkopo, karani wa bima, mwandishi wa kumbukumbu za usafiri.

Mota

*Linabeba nini.* Umeme unaingia, mzunguko unatoka. Basi. Ni neno jembamba kuliko yote matano, na wembamba huo ndio faida yake.

*Linapofaa.* Unapoagiza, unapotengenezesha na unapoomba umeme. Barua ya kuomba kufungiwa umeme wa fezi tatu isiseme "nina mashine kubwa". Iseme mota ya nguvu farasi 20, kwa sababu hicho ndicho mhandisi anachohesabu anapochagua waya na transfoma.

*Linapokwaza.* Mtaani "mota ya maji" inamaanisha pampu pamoja na mota yake. Fundi bomba akiambiwa mota imekufa anauliza mara mbili: haizunguki, au inazunguka na haivuti maji? Ya kwanza ni kazi ya fundi umeme, ya pili ni sili au feni ya pampu. Kama unaandika malalamiko ya dhamana, tenganisha tangu mstari wa kwanza.

*Anayefaa kulitumia.* Yeyote ambaye fundi umeme ndiye msomaji wake.

Kinu

*Linabeba nini.* Kila mtu anajua kinu na mchi. Kutoka hapo neno lilitembea hadi kwenye kila kinachoponda, kusaga au kukamua. Lamu na Unguja vilikuwepo vinu vya mafuta vilivyozungushwa na ngamia, ufuta au nazi kavu ndani, mti mmoja ukisaga katikati. Halafu likaja kinu cha unga, kinu cha kuchambua pamba, na mwishowe kinu cha nyuklia, ambamo hakuna kinachosagwa ila kiini cha atomu kinapasuliwa na joto linatoka. Naliona hilo kuwa chaguo zuri sana la lugha yetu: chombo kilichofungwa, chenye kitu kinachovunjwa ndani yake.

*Linapofaa.* Unapotaka kutaja kile chumba chenyewe ambamo kazi inafanyika. Kwenye mashine ya kusaga, kinu ni lile boksi la chuma lenye nyundo zinazozunguka na chekeche chini yake. Nyundo zikilika upande mmoja zinageuzwa. Chekeche likitoboka unga unatoka na punje. Mambo hayo mawili hayahusu mota wala injini hata kidogo, na mteja anayejua kusema "tatizo liko kwenye kinu" ameokoa nusu ya siku.

*Linapokwaza.* Habari za nyuklia. Taarifa nyingi husema "kinu cha nyuklia cha Zaporizhzhia" kwa maana ya kituo kizima nchini Ukraine. Kituo kile kina vinu 6. Ukiandika "kinu kimezimwa", msomaji hajui kama kimezimwa kimoja au vyote, na tofauti hiyo ni kubwa. Ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986 ilitokea kwenye kinu namba 4. Vingine vitatu vya kituo hichohicho viliendelea kuzalisha umeme kwa miaka baadaye. Huwezi kueleza jambo hilo kama kituo na kinu vina jina moja. Andika kituo cha nyuklia chenye vinu sita, na jambo limenyooka.

Upepo nao una mtego. Kinu cha upepo kinafaa kwa nyumba zile za Uholanzi zilizosaga nafaka kwa mabawa. Zinazofua umeme Turkana na Ngong hazisagi kitu; ziite mitambo ya upepo.

*Anayefaa kulitumia.* Mwandishi wa habari za sayansi, mwalimu, mwenye kusaga na kukamua, na yeyote anayeandika juu ya historia ya pwani.

Yote matano chini ya paa moja

Ingia kwenye banda la kusaga lililokamilika, uone yanavyokaa pamoja. Banda lenyewe wateja wanaliita mashine. Ukutani kuna mota ya fezi tatu, mkanda unatoka kwenye puli yake hadi kwenye kinu. Nje, chini ya kibati, ipo injini ya dizeli ya akiba kwa siku umeme unapokatika. Mkanda unahamishwa tu. Mwenye banda akiongeza kikoboleo, kipembuo na mashine ya kufungasha, na mahindi yakatoka kimoja kwenda kingine bila kubebwa na mtu, sasa ana mtambo wa kusindika nafaka. Kenya, banda hilo wengi wangeliita kisiagi. Kilichobadilika ni swali unalojibu, wala kitu chenyewe hakijahama.

Mahali pa kazi: kiwanda, karakana, gereji

Kiwanda ni mahali malighafi inapoingia na bidhaa inapotoka. Karakana ni mahali vitu vinapotengenezwa, vinapochongwa au vinapokarabatiwa. Morogoro ina karakana ya reli, Mbeya ina ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Neno limetoka Kiajemi, likiunganisha kazi na nyumba, na hivyo ndivyo lilivyo bado. Gereji ni karakana ya magari, na haihitaji maelezo.

Mgogoro uko kwenye kiwanda. Miaka ya kaulimbiu ya Tanzania ya viwanda, Waziri wa Viwanda wa wakati huo, Charles Mwijage, alisema mwenye vyerehani vinne ana kiwanda, na watu wakamcheka. Ukisoma Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 utaona alipotoa hesabu yake: shughuli ya mtu 1 hadi 4 yenye mtaji wa mashine usiozidi shilingi milioni 5 ni ndogo sana, lakini ni daraja halali, ndogo ina watu 5 hadi 49, ya kati 50 hadi 99, kubwa kuanzia 100. Kwa lugha ya sera alikuwa sahihi. Kwa lugha ya mtaa, kiwanda kina geti, honi na zamu za usiku, na watu waliowahi kufanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo hawawezi kuita chumba cha fundi cherehani kiwanda. Kwa hiyo: ukiomba leseni au mkopo, andika kiwanda kidogo, na utaje idadi ya wafanyakazi. Ukiandika habari kwa wananchi, sema karakana ya ushonaji, usije ukaonekana unawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kenya kundi hili lina jina lake lenye heshima, jua kali, na halina sababu ya kutafutiwa jingine.

Maji: bomba, pampu, mfereji

Hapa mpaka wa Namanga, kati ya Tanzania na Kenya, unaamua karibu kila kitu. Nairobi, mfereji ni pale unapokinga maji jikoni. "Funga mfereji" ni kuzungusha koki. Moshi, mfereji ni ule wa kumwagilia, uliochimbwa na Wachaga kuteremsha maji ya mlimani hadi migombani, na kuufunga ni kazi ya jembe na matope. Tangazo la maji likivuka mpaka bila kubadilishwa linaweza kuwapeleka watu shambani.

Bomba lina mzigo mkubwa zaidi. Ni paipu: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443. Ni maji ya nyumbani: maji ya bomba. Ni la sindano hospitalini. Kwa vijana lilikuwa sifa, kitu kizuri mno. Na kwa mkulima wa Tanzania bomba ni lile la kubeba mgongoni la kupulizia dawa, ambalo pia ni kipimo: maelekezo ya kiuatilifu husema kiasi fulani kwa bomba la lita 16 au 20. Mfasiri anayegeuza hilo kuwa "paipu" anahatarisha mazao na mwenye shamba. Kenya, kifaa hichohicho utasikia zaidi kikiitwa pampu, neno ambalo Tanzania hubaki kwa kile kinachovuta maji kisimani.

Maneno yakitoka karakana kwenda barazani

Baadhi yameacha chuma kabisa. Kenya, hospitali au kikundi "kinapigwa jeki", yaani kinasaidiwa fedha. Tanzania jeki bado iko zaidi chini ya gari, na msomaji atasita kidogo. Gurudumu la maendeleo linasukumwa pande zote mbili, hadi limechoka. Litumie kwa kiasi.

Kuchakachua ni mfano wa neno lililobadilika mbele ya macho yetu. Miaka ya karibu na 2010 lilitajwa sana kwenye mafuta: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hadi serikali ikaweka vinasaba (alama za kemikali za kuyatambua) kwenye mafuta na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchanganyiko. Kufikia hapo watu walikuwa wanachakachua kura, mitihani na mahindi. Kwa ripoti ya kitaalamu, andika kuchanganya au kughushi kulingana na kosa. Kuchakachua kunabeba hukumu, na hukumu inataka ushahidi.

Na korona. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, korona ni mashine ya kuchakata majani, jina lililobaki kutoka mashine za Kijerumani za chapa hiyo. Kabla ya mwaka 2020 mfanyakazi aliweza kusema "natoka korona" na kila mtu akajua ana ute wa mkonge mikononi. Anayeandika kwa wasomaji wa nchi nzima leo aandike korona ya mkonge, maneno yote mawili.

Uchague kwa hali yako

Unaagiza kipuri au unaita fundi: acha mashine, taja sehemu. Mota, injini au kinu, kisha ukubwa wake na dalili uliyoiona. Kama una picha ya kibandiko chenye namba, itume pamoja.

Unaandika mkataba: tumia mtambo kwa mkusanyiko, kisha orodhesha vilivyomo. Mkataba wa kukodisha "mtambo wa kokoto" usiotaja kama jenereta imo ni kesi inayosubiri kufunguliwa.

Unaandika habari za umeme: mtambo kwa kila kizio kinachozalisha, kituo kwa mahali, kinu kwa nyuklia peke yake.

Unauza dukani au mtandaoni: mashine pamoja na kazi yake, na nguvu ya mota kwenye mstari wa pili. Mnunuzi wa kawaida anatafuta kwa neno la kwanza, fundi wake anaamua kwa la pili.

Unafundisha chuo cha ufundi cha VETA au sekondari: anza na vitenzi. Mwanafunzi akijua nini kinasukwa, nini kinafunguliwa na nini kinageuzwa, majina yatajipanga.

Unaandika lebo ya kiuatilifu kitakachouzwa Arusha, Tanzania, na Kajiado, Kenya: weka "bomba au pampu ya kupulizia, lita 16", na uchore picha yake pembeni.